Kabla ya kifua kikuu, ng'oa maharage

Vijana wengi wanaokuja kujifunza utafiti wa vijidudu kwangu hapa Mbeya wanataka kifua kikuu. Nawaelewa. Jiji letu lina kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kinachotafiti ugonjwa huo, na wengi wao wamewahi kumuuguza mtu wa nyumbani. Lakini wiki ya kwanza hawagusi makohozi. Nawapa jembe na ndoo, tunapanda daladala kwenda Uyole kung'oa maharage.

Nasema kung'oa, ila hatuvuti. Ukivuta, vinundu, vile vivimbe vidogo vya mizizini tunavyovitafuta, vyote vinabaki ardhini. Unachimba kuzunguka shina, unainua mmea na udongo wake, unauloweka kwenye ndoo mpaka tope liachie lenyewe. Msimu mmoja mama mwenye shamba alitutazama kwa muda, kisha akamwambia binti mmoja wa kundi langu, "Mwanangu, hiyo ni minyoo, tupa mbali isije ikaenea." Binti akanitazama mimi. Nikamwomba amwonyeshe mama kwa mikono yake. Akakibana kinundu kwa kucha, kikabanduka na mzizi ukabaki mzima. Akakipasua, ndani chekundu kama nyama mbichi. Kisha tukatafuta mmea ulioshambuliwa kweli na minyoo fundo. Pale uvimbe ni mzizi wenyewe, haubanduki mpaka ukate. Mama aliishika mizizi yote miwili, akaigeuza geuza, akauliza, "Sasa huyu wa kwanza anakula nini?"

Hilo ndilo swali la taaluma yetu nzima, na nilifurahi kulisikia shambani.

Anakula sukari ya mmea. Anacholipa ni naitrojeni. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini maharage hayawezi kuitumia ikiwa hewa. Bakteria wa raizobiamu, wanaoishi ndani ya vinundu hivyo, wanaweza. Mzizi hutoa kemikali za kundi la flavonoidi, bakteria wanazitambua na kujibu kwa kemikali yao, na unywele wa mzizi unajikunja kuwakumbatia na kuwaingiza ndani. Ule wekundu ni leghemoglobini, ndugu wa ile protini inayofanya damu yetu iwe nyekundu. Kimeng'enya cha bakteria kinachoshughulikia naitrojeni huharibiwa na oksijeni, lakini bakteria hao hao wanahitaji oksijeni wapate nguvu. Leghemoglobini huishika oksijeni na kuwagawia kidogo kidogo. Kinundu chenye rangi nyeupe au kijani ndani hakifanyi kazi hiyo, ama bado, ama kimeshaacha.

Tena si mapatano ya upole. Mwaka 2003 mtafiti Toby Kiers na wenzake walichapisha jaribio la soya ambamo waliondoa naitrojeni kwenye hewa ya vinundu, wakaweka gesi ya agoni mahali pake. Bakteria wakakosa cha kulipa. Wakazaana kidogo kuliko wenzao, na vipimo vilionyesha kwamba mmea ulikuwa unawabania oksijeni. Kijana akishaelewa hilo, haniambii tena "bakteria wazuri" na "bakteria wabaya". Anaanza kuuliza nani anapata nini, na nani anamdhibiti nani.

Naanza na maharage kwa sababu unaweza kuwatenganisha wawili hawa kisha ukawarudisha pamoja kwa mikono yako. Chungu cha kwanza kina mchanga uliochemshwa na mbegu iliyosafishwa, bila bakteria: majani yanakuwa manjano. Cha pili kinaongezewa bakteria: baada ya wiki mbili tatu vinundu vinaonekana. Cha tatu hakina bakteria ila kina mbolea ya naitrojeni. Vijana hupenda kukiruka hiki cha tatu, na hapo huwa mkali. Bila hicho utajuaje kama umanjano ule ni njaa ya naitrojeni, na si kosa lako la kumwagilia?

Kuwapata bakteria wenyewe ni kazi aliyoifanya Mholanzi Martinus Beijerinck, mtafiti wa vijidudu, mwaka 1888. Sisi tunatumbukiza kinundu kwenye spiriti kwa sekunde chache, kisha kwenye jiki kwa dakika tatu, tunakisuuza mara sita kwa maji yaliyochemshwa kwa presha, tunakiponda na kukipaka kwenye sahani ya agari, ute ulioganda wa kuoteshea vijidudu. Bakteria hawa wanapenda nyuzi 28, kwa hiyo baridi ya Juni ikifika tunawalaza kwenye sanduku la mbao lenye balbu na kipimajoto. Na tone la maji ya suuza ya mwisho linawekwa kwenye sahani yake peke yake, tuone kama ganda la kinundu limesafika kweli.

Kijana mmoja alinipigia simu usiku wa siku ya nne. "Dokta, wameota, weupe, wanateleza kabisa!" Asubuhi nikamwuliza iko wapi sahani ya maji ya suuza. Akaileta. Nayo ilikuwa imeota. Basi wale weupe wake huenda walitoka juu ya ganda la kinundu, au kwenye kidole chake. Alikaa kimya muda mrefu, nami nikamwacha.

Kosa hilo kwenye maharage lilimgharimu siku nne. Bakteria wa kifua kikuu, yule aliyetangazwa na Robert Koch mwaka 1882, hujigawa takriban mara moja kwa siku, na kumwotesha kwenye agari au kwenye chakula cha maabara kilichotengenezwa kwa mayai huweza kuchukua wiki nane, ndani ya maabara ya usalama wa ngazi ya tatu. Naye humezwa na seli za kinga za mapafu akaendelea kuishi humo humo, na watu wengi walioambukizwa hawaugui maisha yao yote. Nani anamdhibiti nani? Ni swali lile lile la Uyole, ila hapa huna vyungu vitatu vya binadamu. Unabaki na sampuli chache za wagonjwa waliokuamini, na sitaki kijana ajifunze kujihoji kwa kuziharibu hizo.

Yule kijana alirudia kazi yake. Siku aliyonifuata tena alikuwa na sahani mbili mkononi, na aliyotangulia kunipa ni ya maji ya suuza. Ilikuwa tupu.