Je, wajua kwa nini Majilio huvaa zambarau na bado huimba Aleluya?

Ukiingia kanisani Malindi Jumapili ya kwanza ya Majilio, majuma ya kungojea Noeli, utakuta mambo mawili yanayoonekana kugombana. Padre amevaa zambarau, rangi ya toba, na "Utukufu kwa Mungu juu" hauimbwi. Lakini kabla ya Injili, Aleluya inapigwa kwa kayamba na ngoma kama kawaida. Kwaresima Aleluya hunyamaza kabisa. Mbona hapa hainyamazi?

Toba ya Majilio ina asili yake. Katika karne ya 6, Wakristo wa Galia, Ufaransa ya leo, walifunga siku tatu kwa wiki tangu sikukuu ya Mtakatifu Martino, 11 Novemba, hadi Noeli. Leo Kanisa la Kilatini, yaani Wakatoliki wa mapokeo ya Roma, haliagizi mfungo huo, ila zambarau imebaki. Aleluya nayo imebaki kwa kuwa anayengojewa ni mgeni wa furaha. Utukufu hauachwi kwa huzuni: ni wimbo wa malaika wa Bethlehemu, unawekewa usiku wa Noeli ili usikike upya.

Toba yenyewe ni nini? Neno hili limetoka Kiarabu na mzizi wake ni kurudi. Jirani Mwislamu wa Shella au Barani, mitaa ya Malindi, analitumia kwa maana hiyohiyo. Kwa hiyo anayelia kisha akaendelea na njia ileile amejuta tu, hajatubu.

Yohane Mbatizaji, msemaji mkuu wa Majilio, hakuwa na mafumbo. Katika Luka 3 watu wanamwuliza, "Tufanye nini?" naye anamjibu kila mtu kwa kazi yake. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Mtoza ushuru asitoze zaidi ya alivyoamriwa. Askari asidhulumu, atosheke na mshahara wake. Hakumwambia yeyote aache kazi.

Basi kutafiti dhamiri kuanzie hapo, kwenye kazi yako. Desemba Malindi wageni wamejaa na kaskazi imeshaanza kuvuma. Dereva wa tuktuk anamtajia mgeni nauli mara tatu ya kawaida. Mwenye mashua anapunguza uzito wa samaki kabla ya kugawa mafungu ya mabaharia. Dakika kumi kila jioni, kwa wiki moja, zinatosha kuyaona haya. Orodha ndefu za vitabuni mara nyingi humchosha mtu kabla hajafika kwake mwenyewe.

Kwenye kitubio, makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kuungama dhambi za wengine: mume, mkwe, mwajiri. La pili ni "nimekosa kama binadamu." Hapo padre hana cha kushika. Dhambi kubwa hutajwa kwa aina na idadi, kadiri unavyokumbuka: si "nimeiba", bali "nimechukua pesa za chama mara mbili." Hata kiasi kina maana, kwa sababu ondoleo la dhambi halifuti deni. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Huna haja ya kujianika hadharani. Pesa zaweza kurudishwa kupitia mtu mwingine, na mwenye pesa asipopatikana kabisa, hupewa maskini. Baada ya kuungama hufuata sala ya kutubu, "Mungu wangu, nimetubu sana," kisha malipizi aliyotaja padre. Yafanye siku hiyohiyo, yakilala, husahaulika.

Kosa la tatu ni la kalenda: kungoja 24 Desemba, foleni imefika mlangoni na padre anawahi vigangoni. Alama nzuri ya kukumbuka ni 3 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Majilio huanza kati ya 27 Novemba na 3 Desemba, kwa hiyo siku hiyo ikifika lazima yawe yameshaanza. Ukiungama wiki hiyo, unabaki na angalau wiki mbili za kurudisha vya watu.

Kwa wa hotelini, shida ni zamu, maana saa za kitubio mara nyingi huwa Jumamosi jioni, wageni wanapomiminika. Usikate tamaa. Nenda ofisi ya parokia na ratiba yako: "Padre, Jumatano natoka kazini saa nane mchana. Naomba kuja kuungama."