Kanuni ya Parkland: hesabu ya dripu kwa mgonjwa aliyeungua sana

Kanuni ya Parkland ni hesabu ya kukadiria maji ya dripu anayohitaji mtu aliyeungua sana katika saa 24 za kwanza. Jina limetoka hospitali ya Parkland, Dallas, Marekani, ambako Charles Baxter na Tom Shires waliieleza mwaka 1968. Hutumika mtu mzima anapoungua asilimia 15 hadi 20 ya ngozi au zaidi, na mtoto kuanzia asilimia 10.

Hesabu yenyewe ni hii: mililita 4 × uzito kwa kilo × asilimia ya ngozi iliyoungua. Nusu ya jumla huingia katika saa 8 za mwanzo, nusu nyingine katika saa 16 zinazofuata. Mwanzo hupewa haraka kwa sababu ndipo mishipa midogo inapovujisha sana: majimaji ya damu hutoka na kuingia kwenye nyama, mgonjwa anavimba, huku damu inayobaki ikiwa nzito na haba, na figo zikikosa mgao wake.

Makosa mengi hutokea kwenye saa. Saa 8 huhesabiwa tangu mtu alipoungua, si tangu alipopokelewa wodini. Chukua mgonjwa wa kilo 60 aliyeungua asilimia 30 saa 2 usiku, akafikishwa saa 5 usiku bila dripu yoyote. Jumla ni mililita 7,200. Nusu yake, 3,600, inapaswa kuisha saa 10 alfajiri, na zimebaki saa 5 tu: ni mililita 720 kwa saa. Kwa seti ya matone 20 kwa mililita hayo ni matone 240 kwa dakika, ambayo hakuna anayeweza kuyahesabu kwenye mpira mmoja. Weka kanula (mirija midogo ya kubaki mshipani) mbili kubwa. Mkono usioungua ukikosekana, kanula hupita hata kwenye ngozi iliyoungua. Kama zahanati ilishampa lita moja, iondoe kwanza: 2,600 kwa saa 5 ni 520 kwa saa. Baada ya saa 10 alfajiri, 3,600 kwa saa 16 ni mililita 225 kwa saa, yaani matone 75 kwa dakika.

Asilimia nayo hupotosha. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni karibu asilimia 1. Ngozi iliyobadilika kuwa nyekundu tu, bila malengelenge, haihesabiwi; ukiihesabu unamzidishia maji. Kwa mtoto mdogo usitumie vipimo vya mtu mzima, kwani kichwa chake ni karibu asilimia 18, si 9.

Dripu inayofaa ni Ringer Laktati. Maji ya chumvi ya kawaida kwa wingi huu huongeza asidi kwenye damu. Mtoto mdogo huongezewa maji yake ya kila siku yenye glukosi, maana sukari yake hushuka upesi.

Jibu la hesabu ni mahali pa kuanzia tu, na miongozo mingine siku hizi huanza na mililita 2 kwa mtu mzima. Kinachoamua ni mkojo. Weka katheta (mpira wa kutolea mkojo), pima kila saa: mtu mzima mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, mtoto mililita 1. Ukipungua, ongeza kasi kwa takriban theluthi. Ukizidi, punguza kwa kiasi hichohicho. Kuchoma furosemidi, dawa ya kukojoza, ili mkojo utoke ni kosa baya hapa, kwa kuwa mgonjwa ana upungufu wa maji. Kuzidisha nako kunadhuru: mapafu hujaa maji, na mkono au mguu ulioungua mzunguko mzima hubanwa na uvimbe hadi damu isipite.

Aliyeungua kwa umeme ana hesabu yake. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kahawia unaonyesha misuli imeharibika ndani, hata kama ngozi iliyoungua ni kidogo. Kwa mtu mzima, dripu huongezwa mpaka mkojo ufike mililita 75 hadi 100 kwa saa na rangi yake isafike.