Mutiny on the Bounty (1935): Nahodha aliyenyang'anywa chumba na miche

Nafundisha historia ya usafiri wa baharini, na hakuna filamu ninayoulizwa zaidi ya hii ya Frank Lloyd, kuhusu uasi wa mabaharia kwenye merikebu Bounty ya Uingereza. Charles Laughton, akiigiza kama Bligh, nahodha wa merikebu hiyo, anatisha kweli. Mwanzoni tu anaamuru viboko viendelee kwenye mgongo wa baharia aliyekwisha kufa. Baadaye mwingine anaburutwa majini chini ya mkuku (uti wa chini wa merikebu) mpaka roho inamtoka. Visa hivyo vimetungwa. Bligh halisi alichapa watu kwa uchache kuliko manahodha wengi wa Uingereza waliopita Pasifiki, na aligawa zamu tatu badala ya mbili ili mtu apate kulala saa 8 mfululizo.

Basi kwa nini walimwasi? Mimi hutazama chombo kwanza. Bounty ilikuwa na urefu wa futi 90 hivi na watu 46. Ilitumwa mwaka 1787 kuchukua miche ya mashelisheli Tahiti na kuipeleka visiwa vya Karibi, yawe chakula rahisi cha watumwa wa mashamba ya miwa. (Ndiyo, shelisheli hilihili tunalolipika kwa nazi.) Chumba kikuu cha tezini, yaani nyuma ya merikebu, ambacho kwa desturi ni cha nahodha, kiligeuzwa kitalu cha miche zaidi ya 1,000. Bligh akahamia kijichumba, wengine wote wakabanana. Askari wa kumlinda hakupewa, wala luteni wa kumsaidia. Yeye mwenyewe cheo chake kilikuwa hicho hicho cha luteni.

Kisha wakakaa Tahiti miezi mitano wakisubiri miche ishike. Kurudi kwenye msongamano ule baada ya raha ya nchi kavu, chini ya mtu mwenye ulimi mkali kupita kiasi! Tarehe 27 Aprili 1789 Bligh aliwashutumu maofisa wake, Fletcher Christian akiwemo, kwa wizi wa nazi. Alfajiri iliyofuata Christian aliiteka merikebu.

Sehemu ninayoisifu ni ile ya mashua. Bligh na wenzake 18 walitoswa kwenye mashua ya futi 23, wakafika Timor baada ya maili za baharini zaidi ya 3,600, na Laughton anatuonyesha hapo baharia stadi. Filamu inaharibu tena inapomrudisha Tahiti na merikebu Pandora kuwasaka waasi. Nahodha wa Pandora alikuwa Edward Edwards.

Mwaka 1791 Bligh alitumwa tena kufuata mashelisheli, safari hii kwa merikebu kubwa zaidi, Providence, akiwa na maluteni, askari wa majini na chombo cha pili cha kumsindikiza. Mwaka 1793 miche ilifika St Vincent na Jamaica, bila uasi wowote njiani.