La-5FN ni ndege ya mbao: dhana potofu zinazoharibu modeli nzuri

Katika ndege za kivita za Wasovieti wa Vita Kuu ya Pili, La-5FN ndiyo naona inaonewa zaidi na sisi waunda modeli. Gundi inashika, rangi inakaa, lakini ukiitazama ikiwa rafuni unaona ndege ambayo haikuwahi kuwepo. Tatizo ni mambo ambayo mtu anayaamini kabla hata hajafungua boksi. Nazungumzia modeli ya 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi. Ndege yenyewe ilikuwa na mita 9.8 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili, kwa hiyo modeli ni sentimita 20 na ushee.

Dhana: rangi ikichubuka, chini yake kuna bati linalong'aa

Hili ndilo kosa mama. Mtu anamaliza kupaka vizuri kabisa, kisha anachukua rangi ya fedha na kipande cha sponji, anaanza kudonoa mabawa ili ndege ionekane imekula vita. Kwa Mustang ya Kimarekani, ndege ya bati, sawa. Kwa La-5FN, hapana.

Ndege hii ilitokana na LaGG-3, ndege ya kivita ya kabla yake, ambayo mwili na mabawa yake vilikuwa vya mbao. Mwaka 1942 Semyon Lavochkin na wenzake waliitoa injini ya zamani iliyopozwa kwa maji, wakaweka ya Shvetsov yenye silinda 14 inayopozwa kwa hewa. Ngozi ikabaki ileile: plaiwudi ya mbetula, ule mti wa nchi za baridi. Juu yake kilibandikwa kitambaa, ikaja puti, ukapigwa msasa, ndipo ikafuata rangi. Chubua bawa hilo upendavyo, fedha hutaikuta.

Bati lilikuwepo, ila mahali pachache: vifuniko vya injini, na yale mabamba ya ubavuni nyuma ya ekzosi. Usukani wa mkiani na aileroni, vile vipande vinavyochezacheza upande wa ncha za mabawa, vilikuwa na fremu ya alumini iliyovikwa kitambaa, kwa hiyo hata hapo hakuna cha kung'aa. Ukitaka kuonyesha uchakavu penye shina la bawa, wanapokanyaga rubani na mafundi, tumia kijivu cha puti au kahawia hafifu, tena kwa mkono mwepesi. Uchafu wa kweli wa ndege hii ni moshi na oili. Ekzosi za FN ni saba kila upande, na masizi yake yanaburuzwa nyuma ubavuni. Hapo ndipo pa kuweka bidii yako.

Kosa la mistari ya maungio iliyochongwa kwenye plastiki ni mtoto wa kosa hilohilo. Watu wanachimba upya kila mstari wa bawa, wanaujaza wino mweusi, na wengine wanaongeza hata vitobo vya riveti. Plaiwudi iliyopigwa puti na msasa haina maungio ya mabati. Mistari ya sehemu zinazofunguka au kucheza iache, mingine ijaze puti na uifute kabisa. Ni kazi ya jioni nzima na haina raha, lakini bawa laini ndilo linalofanya ndege hii isifanane na Messerschmitt ya Kijerumani iliyobandikwa nyota nyekundu.

Dhana: walitumia mbao kwa sababu hawakujua kutengeneza ndege

Alumini ilikuwa adimu tangu kabla ya vita, na mwaka 1941 Wajerumani waliposonga mbele, viwanda vilifunguliwa vipande vipande na kuhamishiwa mashariki kwa treni. Misitu ilikuwa tele, na mafundi seremala pia. Waingereza nao walijenga ndege yao ya kivita Mosquito kwa plaiwudi, na sijasikia mtu akiiita ndege ya kimaskini. Ni kweli mbao ziliongeza uzito, na LaGG-3 ililaumiwa sana kwa uzembe wake angani. Injini ya ASh-82FN, ile ya Shvetsov, yenye nguvu za farasi 1,850, ndiyo iliyobadilisha hadithi.

Dhana: ndege za Wasovieti zote zilikuwa za kijani

Kijani na nyeusi juu, samawati hafifu chini: hayo ni mavazi ya mwaka 1941 hadi katikati ya 1943. Kuanzia Julai 1943 utaratibu wa ndege za kivita ulibadilika. Juu zikaja rangi mbili za kijivu, moja yenye ubluu (AMT-11, ndiyo namba ya rangi) na nyingine nzito zaidi (AMT-12), na chini ikabaki samawati ya AMT-7. Agizo la karatasi haliipaki upya ndege iliyo uwanjani, kwa hiyo majira ya mapigano ya Kursk zilionekana za aina zote mbili. Ila ukiunda La-5FN ya mwaka 1944, weka kijani kabatini.

Nyota nazo zina tarehe zake. Zile za juu ya mabawa ziliondolewa mwanzoni mwa vita. Kwa La-5FN unaweka sita tu: mbili chini ya mabawa, mbili ubavuni, mbili mkiani. Seti ikikuletea za ziada, usione huruma kuzitupa.

Kuhusu picha za zamani, usizitegemee sana kupima rangi. Filamu nyingi za wakati ule hazikuuona wekundu, kwa hiyo nyota nyekundu inaweza kutoka karibu nyeusi, na samawati ikatoka nyeupe.

Dhana: pande mbili za ndege ni sawa

Chukua namba 14 ya Ivan Kozhedub, rubani anayeongoza upande wa Washirika kwa ushindi 62 uliosajiliwa. Aliipokea mwaka 1944. Ilinunuliwa kwa fedha za mzee mfuga nyuki, Vasily Konev, kumkumbuka jamaa yake aliyekuwa rubani na akafia vitani. Upande wa kushoto wa mwili iliandikwa kwamba ndege ni ya kumbukumbu ya Shujaa wa Umoja wa Kisovieti Luteni Kanali G. N. Konev, upande wa kulia, kwamba imetoka kwa mkulima wa shamba la ushirika Vasily Viktorovich Konev. Asiyesoma herufi za Kirusi huzibandika kinyume, na stika ya maji ikishakauka haing'oki nzima. Andika "kushoto" na "kulia" kwa penseli nyuma ya karatasi kabla ya kukata.

Dhana: bila mashine ya kupulizia huwezi

Unaweza. Brashi laini pana, rangi ya maji iliyopunguzwa, makoti membamba matatu au manne, kila moja likauke kabisa kwanza. Rangi za maji pia zinasafirishwa kwa urahisi. Zile za thina zinashika moto, na wauzaji wengi wa nje hukataa kuzituma kwa ndege. Anayekaa Mombasa au Dar ana sababu nyingine ya kuzipendelea: vanishi ya thina ikipulizwa wakati hewa imejaa unyevu hufanya utando mweupe kama ukungu juu ya rangi yote. Masika yakiwa yamekaza, iache kwenye kopo.