Nakala za picha za wafalme wa Baroki: yanayosemwa na yaliyo kweli

Picha za wafalme na malkia wa Ulaya wa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18, zile za mtindo wa Baroki zilizojaa mahameli, lesi na mapazia mazito, bado zinachorwa upya kwa mkono hadi leo. Wapo wanaozinunua kupamba sebule, wapo wanaozichora ili wajifunze. Mengi yanayosemwa juu ya nakala hizi hayana msingi. Matokeo yake watu huidharau kazi inayostahili heshima, au hulipa pesa nyingi kwa kitu ambacho hakuna mkono wa mtu uliokichora.

“Picha halisi ilikuwa moja tu, na bwana mchoraji aliichora yote peke yake”

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Chukua picha ya Louis XIV wa Ufaransa, aliyoichora Hyacinthe Rigaud mwaka 1701. Mfalme ana miaka 63. Amevaa joho la buluu lenye maua ya dhahabu, bitana yake manyoya meupe, na mguu mmoja ameutanguliza ili soksi za hariri na viatu vya visigino vyekundu vionekane vizuri. Turubai ina kimo cha sentimita 277. Iliagizwa iwe zawadi kwa mjukuu wake, Philip V, ambaye alikuwa amerithi kiti cha enzi cha Hispania muda mfupi kabla. Ilipokamilika, Louis aliipenda mno hata akabaki nayo, na Rigaud akaagizwa kutengeneza nakala. Leo ile ya kwanza iko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris, na nakala iliyotoka katika karakana ya Rigaud iko katika kasri la Versailles.

Na karakana ilikuwa karakana kweli, yenye mgawanyo wa kazi. Daftari za hesabu za Rigaud zimebaki, na ndani yake kuna malipo ya wasaidizi: huyu kwa kuchora nguo, yule kwa nakala nzima. London nako, katika karakana ya mchoraji Peter Lely, mikao ya watu ilikuwa na namba. Mteja akishachagua mkao, wasaidizi wanajua mikono inakaa wapi na kitambaa kinaangukaje.

Sababu yake inaeleweka. Sura ya mfalme ilitakiwa kwa mabalozi, kwa ndugu waliotawala nchi nyingine, na kwa familia zilizokuwa zikipanga ndoa. Binti mfalme Margarita wa Hispania alichorwa na Velázquez, mchoraji wa kasri la Hispania, mara kadhaa tangu akiwa mtoto, na picha zikapelekwa Vienna ili Kaisari Leopold I, mjomba wake na mchumba wake, amwone anavyokua. Picha ya namna hii ilizaliwa ikisubiri kunakiliwa.

“Kunakili ni kughushi”

Hapana. Wachoraji hawa wamekufa zamani, na hakimiliki haizibani kazi zao. Louvre yenyewe hutoa vibali kwa wanaotaka kunakili ndani ya kumbi zake, kwa masharti: nakala isilingane ukubwa na picha ya asili, bali iwe kubwa au ndogo kwa angalau sehemu moja ya tano, na sahihi ya mchoraji wa asili isiigwe. Kughushi kunaanza pale mtu anapoiuza nakala kwa madai kwamba ni ya kale. Hapo rangi yenyewe inaweza kumuumbua, kwa mfano nyeupe ya titani, ambayo ilianza kutumika katika karne ya 20.

“Nakala haina thamani kwa historia”

Mwaka 1734 kasri la Alcázar la Madrid liliungua na mamia ya picha yakateketea. Mojawapo ni ile ya mchoraji Rubens ikimwonyesha Philip IV, mfalme wa Hispania, akiwa juu ya farasi. Tunajua ilivyokuwa kwa sababu kuna nakala yake katika jumba la makumbusho la Uffizi, Florence. Kisa cha London kinanigusa zaidi. Mwaka 1537 mchoraji Holbein alimchora Henry VIII, mfalme wa Uingereza, na familia yake ukutani katika kasri la Whitehall. Mwaka 1667 Mfalme Charles II alimwagiza mchoraji Remigius van Leemput ainakili kwenye turubai ndogo. Moto wa 1698 ukaumeza ukuta, na kazi ya yule mnakili ndiyo iliyotubakizia mpangilio wote wa picha ile.

“Nakala bora ni ile yenye kila uzi”

Kwa Rigaud, labda. Kwa Velázquez, ni kosa kubwa. Sogea karibu na gauni la buluu la Margarita (1659, Vienna) uone: fedha na hariri vinageuka kuwa miguso ya haraka ya brashi, mingine haigusani kabisa. Rudi nyuma hatua chache, gauni linang’aa. Mnakili anayehesabu nyuzi hutoa gauni lililokufa.

“Lazima iwe ya kahawia, ndiyo ukale”

Ukahawia mwingi unatokana na vanishi, yaani tabaka angavu linalopakwa juu ya rangi, iliyogeuka njano kadiri miaka ilivyopita. Picha nyingi zikisafishwa hutoa buluu na nyekundu kali.

“Ikiandikwa ‘imechorwa kwa mkono’, basi imechorwa”

Hapa ndipo wanunuzi wanapoumia. Baadhi ya zinazouzwa hivyo ni picha zilizochapwa kwenye turubai, kisha zikapakwa jeli inayokauka na kuacha alama za brashi. Chukua lenzi. Vitone vidogo vya rangi vikionekana, ni chapa. Kisha mulika taa kutoka ubavuni, kwenye shavu la mfalme. Rangi iliyochorwa hufuata umbo: hulainika kwenye shavu, hunenepa kwenye mng’ao wa lesi. Jeli hupita juu ya uso, ukosi na pazia kwa mwelekeo uleule, kana kwamba havina tofauti. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha za kazi ikiwa nusu: michoro ya awali, tabaka la kwanza, uso kabla ya nguo. Aliyeichora kweli anazo, au anaweza kuzipiga wakati akichora ya kwako.