Kuwa majirani si kupatana: neno moja la OSPF

“Yaya, majirani beko (wapo), lakini njia hakuna.” Ndivyo alivyoniambia kwenye simu, saa tatu usiku, fundi kijana anayetunza seva ya Linux ya ofisi moja hapa Lubumbashi. Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi, karibu kwa maneno yaleyale, na kila mara inakula saa za watu. Kifaa hakina kosa. Neno “jirani” ndilo limebebeshwa mzigo usio wake.

Maana kwa haraka. Njia za mtandao unaweza kuziandika kwa mkono, mstari kwa mstari, au ukaziachia ruta, vifaa vinavyoelekeza pakiti za data kati ya mitandao, zijifunze zenyewe kwa kuzungumza. OSPF ni kanuni mojawapo ya mazungumzo hayo. Toleo lake la 2, la anwani za IPv4, limeandikwa katika RFC 2328, waraka wa kanuni za intaneti wa Aprili 1998. Seva ya Linux ukiiwekea programu ya FRR au BIRD inazungumza kanuni hiyohiyo na ruta ya kiwandani, sawa kwa sawa. Ndani ya kanuni hiyo kuna maneno mawili ambayo Kifaransa chetu cha shuleni kinayaita “voisin” na “adjacent”. Sisi tunayatafsiri yote mawili kwa neno moja, jirani, na hapo ndipo tunapopotea.

Tulianze hilo la kwetu. “Jirani” limetoka Kiarabu, ambako mmoja ni jār na wengi ni jīrān. Kiswahili kilichukua umbo la wengi, kikalifanya la mmoja, kisha kikaongeza ma- juu yake: majirani. Wingi uko ndani ya neno mara mbili, na ndiyo maana tunalisikia kama jambo la pande mbili lililokwisha timia. OSPF hailichukulii hivyo. Ruta inaweza kuonekana kwenye orodha ya majirani wako ikiwa katika hali ya Init: wewe umeisikia, yenyewe haijaonyesha kwamba imekusikia. Hiyo ni odi isiyo na karibu.

Neno la pili lina hila zaidi. “Adjacent” ni Kilatini, ad na iacere, kulala kando ya kitu. Sisi tuliosoma hapa tulikutana nalo kwenye jiometria: pembe mbili zinazogusana upande mmoja. Kwa hiyo fundi akisoma “adjacence” anasikia “kando kando”, yaani jirani tena, pengine hata jirani asiye na salamu. Waandishi wa OSPF walilipa neno hilo maana nzito kuliko asili yake. Kwao, wawili ni “adjacent” pale walipokubaliana kubadilishana daftari zao za mtandao, na RFC inasema wazi kwamba si kila majirani wawili watafikia hatua hiyo. Asili ya neno inakuambia ukaribu wa mahali. Kanuni inakuambia hesabu zinazolinganishwa. Mimi nimezoea kuita la kwanza ujirani na la pili mapatano, na tangu nianze hivyo makosa ya vijana ninaofanya nao kazi yamepungua.

Fikiria lupango mbili, viwanja vya nyumba, za Katuba hapa Lubumbashi, zenye ukuta mmoja. Mnasalimiana kila asubuhi, mnajuana majina. Huo ni ujirani. Mkiingia likelemba pamoja, yaani kuchanga pesa kwa zamu, lazima daftari yako na yake ziseme kitu kimoja: nani ametoa, nani amepokea, zamu ni ya nani. Hayo ni mapatano. Salamu za miaka kumi hazikuoneshi hata ukurasa mmoja wa daftari ya mwenzako.

Ndani ya OSPF, odi ni pakiti ya Hello, ambayo kwenye mtandao wa Ethernet kwa kawaida hutumwa kila sekunde 10. Sekunde 40 zikipita kimya, mwenzako anahesabiwa amekufa. Ndani ya kila Hello kuna orodha ya wale ambao mtumaji amewasikia. Siku ukiona jina lako kwenye Hello ya mwenzako, mko 2-Way. Ujirani umekamilika hapo, na daftari haijafunguliwa bado. Baada yake ndipo inakuja ExStart, ambapo wanaamua nani ataongoza mazungumzo. Exchange, wanaoneshana vichwa vya kurasa. Loading, kila mmoja anaomba kurasa anazokosa. Na Full, daftari ni moja.

Kubaki 2-Way si ugonjwa kila mara. Weka ruta 5 kwenye swichi moja: zinapatikana jozi 10 za majirani, lakini mapatano ni 7 tu, kwa sababu kila ruta inapatana na mkuu na makamu wake waliochaguliwa. Jozi 3 zilizobaki zinakaa 2-Way na kila kitu kinatembea vizuri. Lakini kama ni seva yako na ruta moja tu, na pande zote mbili umeweka kipaumbele (namba ya kugombea ukuu) 0, hakuna mkuu wa kuchaguliwa, na mtasalimiana hadi asubuhi.

Kijana wangu alikuwa ExStart. Kwa saa mbili alikuwa akichomoa kebo na kuzima na kuwasha OSPF, kwa kuwa alifikiri majirani wameshaelewana na kilichobaki ni njia “kuchelewa”. Ping, jaribio la kuona kama mwenzako anajibu, ilipita, na hilo lilimtuliza vibaya, maana ping ya kawaida ni pakiti ndogo. Upande wa seva MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ilikuwa baiti 9000, upande wa ruta 1500. Hello haitangazi MTU. Pakiti za maelezo ya daftari zinaitangaza, na ruta inapoona mwenzake anatangaza ukubwa ambao yenyewe haiwezi kupokea, inazikataa. Kuna amri ya kupuuza tofauti hiyo, lakini mimi siipendi, kwa sababu pakiti kubwa zitakuja kukwama siku nyingine, mahali pagumu zaidi kuonekana. Tulisawazisha MTU, na mara ikawa Full.

Dalili hiyohiyo hutoka kwenye ukuta wa moto (firewall) wa Linux. Hello zinaenda kwa anwani ya kundi, 224.0.0.5, maelezo ya daftari yanaenda moja kwa moja kwa anwani ya mwenzako. Ukiruhusu la kwanza ukasahau la pili, mnasalimiana bila kufungua daftari. Na tafadhali, 89 ni namba ya protokali juu ya IP. Si poti ya TCP wala UDP, kwa hiyo kufungua “poti 89” hakusaidii chochote.

Hata Full ina mipaka yake, na hili nalisema kwa upole kwa sababu nami lilinichukua muda kulielewa. Upande mmoja ukiwa umeandikwa broadcast (mtandao wa wengi) na mwingine point-to-point (wa wawili tu), mnaweza kufika Full na njia zisiingie, kwa kuwa kila mmoja ameuchora mtandao uleule kwa namna yake. Na njia zikiwa zote zimeingia, seva ya Linux yenye mpangilio wa net.ipv4.ip_forward kwenye 0 haitapitisha pakiti ya mtu mwingine.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukinipigia tena usiku, na unipigie tu, usianze na “majirani beko”. Andika show ip ospf neighbor kwenye vtysh, dirisha la amri la FRR, fungua orodha kama hiyo kwenye ruta pia, kisha nisomee neno lililoandikwa kwenye safu ya State, pande zote mbili.