Je, wajua kwa nini mawe ya Dodoma ni ya mviringo?

Ukikwea Mlima Simba jioni kupunga upepo, utapita kati ya mawe makubwa kama nyumba, yamebebana, na kona huzioni. Nani aliyaviringisha?

Jibu nililotoka nalo shuleni lilikuwa jua. Mchana mwamba hutanuka kwa joto, usiku husinyaa kwa baridi, mwishowe ganda hubanduka kama la kitunguu. Niliwahi kuwaeleza wageni hivyo nikiwa nimesimama juu ya jiwe lenyewe, tena kwa kujiamini. Na ukikumbuka jua la Oktoba na blanketi za Julai hapa Dodoma, maelezo hayo yanaingia akilini.

Mwaka 1936 Mmarekani David Griggs aliyajaribu. Alichukua kipande cha graniti, mwamba wa aina ya huu wa Dodoma, akakipasha moto na kukipoza mara 89,400, sawa na siku za miaka 244. Hata kwa hadubini hakuona badiliko. Alipoanza kukipoza kwa maji, ndipo kikaanza kuharibika.

Hapo ningeweza kuliachilia jua kabisa, lakini si haki. Kipande kidogo kina nafasi ya kutanuka, mwamba wa mlimani umebanwa kila upande. Tena miaka 244 kwa jiwe ni kama jana. Agosti 2014, huko Twain Harte, California, kuba la graniti lilipasuka siku ya joto watu wakitazama. Kwa hiyo jua hubandua maganda, sawa. Linalolishinda ni hili: wachimbaji hukuta mawe ya mviringo yakiwa bado yamezikwa, mahali ambapo mwanga haujawahi kufika.

Yaani yalichongwa chini ya ardhi. Mwamba huu ulianza kama uji wa moto uliopoa polepole kilomita kadhaa chini, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Mzigo wa juu ulipomomonyoka, ukapasuka kwa nyufa zinazokatana, kama mche wa sabuni uliokatwa vipande.

Sasa kitumbukize kipande cha sabuni kwenye karai la maji. Bapa huliwa upande mmoja tu, ukingo pande mbili, kona pande tatu. Kona ndiyo huisha kwanza, na kipande kilichoingia kikiwa na pembe hutoka kama yai. Kwenye mwamba, kazi hiyo hufanywa na maji ya mvua ambayo, yakipita udongoni, huchukua kaboni dioksidi na kuwa asidi hafifu. Madini ya felspa yaliyomo kwenye graniti hugeuka udongo wa mfinyanzi. Kwatzi, madini mengine ya graniti yaliyo magumu, hubaki kama mchanga. Mchanga ambao malori husomba kutoka makorongoni una kwatzi hiyo tele.

Ila sabuni hii haikuyeyuka ikaondoka. Uozo wake ulibaki umeizunguka, jiwe likakaa ndani yake kama kokwa ndani ya embe, mpaka mvua za miaka mingi zilipousomba. Ndiyo maana jiwe linaloonekana kupakatwa juu ya jingine halikupandishwa na yeyote: ardhi iliyolizunguka ndiyo iliyoshuka. Inafurahisha kidogo, kwa mji ambao jina lake husemwa limetokana na neno la Kigogo la kuzama, kwa ajili ya tembo aliyedidimia topeni.

Mandhari ya namna hii yapo pia Matobo nchini Zimbabwe na Hampi nchini India. Dartmoor, Uingereza, nayo ina vilele vya graniti iliyorundikana, ila huko wapo wanajiolojia wanaosema baridi kali ya kale ilifanya kazi kubwa kuliko uozo wa chini. Kilimanjaro usiitafute hadithi hii. Ule ni mlima wa volkano.

Ukitaka kuona uchongaji wenyewe, tafuta mahali barabara ilipokata kilima cha graniti. Kwenye ukuta wa udongo utaona mawe ya mviringo yaliyofukuliwa nusu, na ganda la nje unaweza kulibomoa kwa vidole.